Hivi kwa nini California hakuna foleni ya huduma na Texas kuna foleni ya miaka? Wazazi wa watoto wenye usonji na mnaopiga kazi grup homu (nyumba za kutunzia watu wenye ulemavu), njooni hapa

#1 BabaKulwa_Houston
Wadau salaam. Naenda moja kwa moja.

Kulwa wetu ana miaka 8, ana usonji, haongei, usiku bado anavaa nepi, na ukimwachia mkono nje anakimbilia barabarani. Doto yuko sawa. Shuleni Kulwa anahudumiwa vizuri, sina malalamiko. Shida ni nyumbani. Tulienda ofisi inayoshughulika na ulemavu wa akili, mama mmoja akatupokea vizuri, akajaza fomu, akatugeuzia skrini tuone jina la mtoto limeingia kwenye orodha ya HCS, programu ya jimbo ya kumhudumia mlemavu nyumbani au mtaani. Nikamuuliza tutaitwa lini. Akasema wanaoitwa sasa ni walioandikishwa zaidi ya miaka 10 nyuma. Alitamka kama anakutajia bei ya nyanya.

Sasa shemeji yangu yuko Sacramento, mtoto wake hali ileile. Waliomba, wakapimwa, haikuchukua mwaka. Kuna mtu anakuja kukaa na mtoto ili mama apumzike, nepi zinaletwa, na mama mwenyewe analipwa kumlea mwanawe. Nchi moja, rais mmoja, Medicaid moja (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo na walemavu).

Dai langu: hii siyo hela, ni maandishi ya sheria tu. California waliandika ni haki, Texas waliandika tukijaliwa. Nipingeni.

#2 Mchunga_Mbuzi
Naweka kigoda.

#3 Zuhura_916
Niko Sacramento, binti yangu ana mtindio wa ubongo na sasa ni msichana mkubwa. Baba Kulwa umegusa penyewe. Sheria inaitwa Lanterman, ya mwaka 1969, jina la mbunge wa jimbo Frank Lanterman. Inatamka kwamba jimbo limebeba wajibu kwa mtu mwenye ulemavu wa ukuaji na lazima liutimize. Kazi inafanywa na vituo vya kanda 21. Hivyo vituo si ofisi za serikali, ni mashirika yasiyo ya faida yenye mkataba na jimbo. Ukiomba, wana siku 15 za kazi kukupokea, na tathmini iishe ndani ya siku 120. Ukikubaliwa mnakaa mezani, mnaandika mpango wa mtu huyo mmoja, na kilichoandikwa humo unawadai.

Miaka ya 1980 jimbo lilijaribu kubana matumizi kwa nyaraka za ofisini. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1985 majaji wakasema hii ni haki ya mtu, waraka wa idara hauwezi kuifuta. Hapo ndipo foleni ilipokosa pa kusimama.

Wanaokubaliwa: usonji, ulemavu wa akili, mtindio wa ubongo, kifafa, na kundi la tano la hali zinazokaribiana na ulemavu wa akili. Iwe ilianza kabla ya miaka 18 na inamzuia kweli katika maisha.

#4 Kachero_Kariakoo
Lanterman si ndiyo ile ya vichaa ya 1967? Iliyofungua milango ya hospitali, watu wakajaa barabarani Los Angeles? Msituchanganye.

#5 Zuhura_916
@Kachero hiyo ni Lanterman-Petris-Short, inahusu kulaza kwa nguvu watu wenye ugonjwa wa akili. Mbunge huyohuyo, sheria nyingine kabisa. Na hilo neno liache hukohuko Kariakoo.

#6 Kachero_Kariakoo
Sawa dada, nimekupata. Jamaa alikuwa hachoki kuandika sheria.

#7 Ngonyani_Snr
Na kwa wale wanaodhani hizi ni siasa za mrengo wa kushoto: Lanterman alikuwa Republican, na gavana aliyesaini mwaka 1969 ni Ronald Reagan. Kwa hiyo msije na hoja ya "Texas ni chama fulani".

#8 Zuhura_916
Kweli. Ila waliosukuma ni wazazi. Kabla ya hapo ulikuwa unapewa chaguo mbili, umweke hospitali ya serikali kwenye orodha ya kusubiri (ndiyo, California nayo ilikuwa na foleni!) au ukae naye nyumbani bila senti. Vituo viwili vya kwanza vya majaribio vilifunguliwa 1966, Los Angeles na San Francisco. Walipoona vinafanya kazi ndipo wakavieneza jimbo zima.

Halafu Baba Kulwa, kuna kitu nisawazishe. Shemeji yako halipwi na Lanterman. Mama kulipwa kumlea mtoto ni IHSS, programu nyingine, inapita kaunti na Medi-Cal, yaani Medicaid ya California. Mtoto anayehitaji kuangaliwa muda wote asijidhuru anaweza kupewa hadi saa 283 kwa mwezi. Kituo cha kanda kinasaidia mtoto apate Medi-Cal bila kuhesabu kipato cha wazazi, na hapo ndipo mlango wa IHSS unafunguka. Watu wengi wanaziita zote jina moja.

#9 BabaKulwa_Houston
Asante dada. Saa 283? Shemeji hakuniambia hilo, mjanja yule.

#10 Nyakio_Lowell
Mimi ni Mkenya, niko Massachusetts, nimefanya grup homu tangu nifike. Nusu ya waumini wa kanisa letu Jumapili wametoka kwa shifti ya usiku, utawaona wanasinzia wakati wa mahubiri.

Sikubaliani na #1 kwamba ni maandishi tu. Hapa kwetu kilicholeta pesa ni kesi. Mwaka 1972 baba mmoja, Benjamin Ricci, alishtaki jimbo kwa hali ya Belchertown State School alikokuwa mtoto wake. Jaji Tauro akaenda mwenyewe kuona kwa macho. Kesi zikaunganishwa za taasisi kadhaa, na mahakama ikasimamia mpaka 1993. Watu waliokuwa ndani ya kesi ile hadi leo ukiwa na mmoja wao kwa nyumba yako unajua, faili yake inaangaliwa tofauti. Wengine wote sheria inasema huduma ni kulingana na bajeti iliyopitishwa. Ndani ya nyumba moja, vitanda viwili, haki mbili.

#11 Mchunga_Mbuzi
Vitanda viwili haki mbili. Aisee.

#12 Omosh_Worcester
@Nyakio umesahau sheria ya 688 ya mwaka 1983. Mtoto akifika miaka 22 shule ikimwachilia, jimbo linamchukua automatiki. Hakuna kusubiri.

#13 Nyakio_Lowell
@Omosh hapana ndugu, soma vizuri. 688 inampa mtoto haki ya mpango wa kuhama kutoka shule kwenda huduma za watu wazima. Mpango, siyo huduma yenyewe. Wazazi wengi wanaingia hapo wakidhani ni kama shule, wanakuta mlango umebadilika. Shuleni una sheria ya taifa ya elimu inayomlinda mtoto, shule haiwezi kusema "hatuna bajeti mwaka huu". Siku akitoka, hiyo sheria inabaki getini. Sisi wafanyakazi tunawaona hao vijana wakiletwa, wazazi wamechanganyikiwa, wana mafaili makubwa ya IEP (mpango wa shule wa mtoto mwenye ulemavu) ambayo hakuna mtu anayaangalia tena.

#14 Omosh_Worcester
Sawa madam. Lakini mpango bila huduma si ni kama Arsenal, msimu mzuri bila kombe.

#15 Nyakio_Lowell
😂 Toka hapa.

#16 MamaTausi_DFW
Niko Dallas. Kijana wangu tulimwandikisha akiwa hajaanza shule, sasa ana ndevu. Bado hatujaitwa.

Kwa hiyo naomba nielezee Texas inavyofanya kazi maana huku ndani ndiko tunakoungua. Kuna orodha nyingi, kila programu na yake: HCS, CLASS, TxHmL, MDCP na nyingine. Ukijiandikisha moja haikuingizi nyingine. Baba Kulwa, kesho asubuhi piga simu uulize orodha zote anazoweza kuingia, usisubiri uambiwe. Na ukihama nyumba au ukibadili namba ya simu, wape taarifa upate na uthibitisho wa maandishi. Nawajua watu walioitwa kwa namba ya simu iliyokufa.

Pili, bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140. Nafasi mpya za hizo programu zinapatikana pale tu wabunge wakiweka fedha. Wakiweka nafasi chache, orodha haisogei mpaka kikao kijacho. Kwa hiyo si sheria wala si hela peke yake, ni kalenda!

#17 Ngonyani_Snr
@MamaTausi kalenda haina kosa mama. Texas ni jimbo tajiri kuliko nchi nyingi duniani. Linajivunia halitozi kodi ya mapato. Ukichagua kutokukusanya, umechagua foleni. Hoja ya #1 kwamba "siyo hela" naikataa.

#18 Kasuku_Phoenix
Mzee Ngonyani, Arizona hatuna utajiri wa California na kodi yetu ya mapato ni ndogo, lakini ukikidhi vigezo vya ALTCS, Medicaid yetu ya huduma za muda mrefu, hakuna foleni. Kwa hiyo hiyo ya kodi haisimami. Arizona ilijiunga na Medicaid ikiwa ya mwisho nchi nzima, 1982, ikaanzisha mfumo wake kwa makubaliano maalumu na serikali kuu. Haikurithi mazoea ya zamani.

#19 Ngonyani_Snr
Mmoja hatoshi kuvunja kanuni.

#20 Kasuku_Phoenix
Kanuni gani mzee, umeitunga saa hizi.

#21 PapaSafi_DesMoines
Bandugu, jambo. Mimi ni Mkongomani, nilipita kambi ya Nyarugusu, sasa Iowa.

Hizo programu za foleni mnazozitaja, HCS na wenzake, zinaitwa weiva. Mnajua kisa chake maarufu ni cha huku? Kulikuwa na mtoto anaitwa Katie Beckett, wa Cedar Rapids. Alipata maambukizi ya ubongo akiwa mchanga, akawa anapumua kwa mashine. Medicaid ilikuwa inalipa akiwa hospitalini, akirudi nyumbani hailipi, ingawa nyumbani ni bei nafuu mara nyingi. Mwaka 1981 Reagan akaitaja mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa serikali isiyo na akili. Mtoto akarudishwa nyumbani. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, Kongresi ilikuwa imeweka kifungu 1915(c), yaani hiyo weiva, kinachoruhusu jimbo kutumia fedha za Medicaid kumhudumia mtu nyumbani badala ya taasisi.

Shida iko ndani ya kifungu hicho. Taasisi ni lazima kama jimbo limeiweka kwenye mpango wake, nyumbani ni hiari. Na ile hiari, jimbo linaruhusiwa kuiwekea idadi. Idadi ikijaa, wengine wanasubiri. Hata Iowa hapa, alikozaliwa Katie, kuna foleni ya maelfu.

#22 BabaKulwa_Houston
Subiri Papa. Unamaanisha nikisema leo Kulwa aende akakae kwenye taasisi, nafasi inapatikana, nikisema abaki kwangu ndiyo foleni?

#23 PapaSafi_DesMoines
Ndiyo hivyo ndugu. Na Texas bado ina taasisi kubwa 13 za jimbo.

#24 MamaTausi_DFW
Na mfanyakazi wa jamii mmoja alinishauri hivyohivyo, kwamba "njia ya mkato" ni kumpeleka ndani kwanza halafu aombe kutoka. Nilimwambia asirudie kuniambia hilo neno mbele ya mwanangu.

#25 Wakili_Mtaani
Kesi ya Olmstead, 1999. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kumfungia mtu kwenye taasisi wakati anaweza kuishi mtaani ni ubaguzi. Foleni zote hizo ni haramu. Wazazi wa Texas ungeni nguvu mfungue kesi.

#26 Zuhura_916
@Wakili sehemu ya kwanza ni sahihi, ya pili hapana. Walioshinda ni wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema jimbo likiwa na mpango wa kueleweka na orodha ya kusubiri inayosogea kwa kasi inayokubalika, linaweza kujitetea nao. Mawakili wa majimbo wanakariri hiyo aya kama Fatiha.

#27 Wakili_Mtaani
"Kasi inayokubalika" na miaka 10 vinaendana wapi?

#28 Zuhura_916
Ndiyo swali ambalo kila jimbo linalijibu kivyake.

#29 Mtakwimu_Asiye_na_Kazi
Mnasahau jambo moja. Hizi orodha hazilinganishwi. Texas mtu anaandikishwa bila kupimwa kwanza kama anastahili, anapimwa zamu yake ikifika. Majimbo mengine wanapima kwanza ndipo jina linaingia. Halafu mtoto mmoja anaweza kuwa kwenye orodha nne kwa mpigo, kama MamaTausi alivyoshauri. Na wazazi wajanja wanaandikisha mapema hata kama mtoto hahitaji bado, maana wanajua foleni ni ndefu. Foleni inazaa foleni. Kwa hiyo mkiona tarakimu za laki na ushee msikimbilie kulia.

#30 MamaTausi_DFW
@Mtakwimu njoo ulale kwangu usiku mmoja halafu uniambie nisilie.

#31 Mtakwimu_Asiye_na_Kazi
Pole mama. Sijasema shida haipo, nasema kipimo kina kasoro.

#32 Mzee_BrooklynPark
Minnesota hapa. Sisi tuna weiva nzuri, mzazi anaweza kusimamia bajeti ya mtoto mwenyewe na kuajiri hata ndugu. Pia kuna EIDBI, programu ya tiba ya watoto na vijana wenye usonji chini ya miaka 21. Lakini sasa hivi hewa imechafuka. Desemba 2024 FBI walipekua vituo vya usonji kwa tuhuma za kudai Medicaid pesa za huduma ambazo hazikutolewa, na baada ya hapo mashtaka yakafuata. Ukiwa Mwafrika una kituo halali unatazamwa kwa jicho la pembeni. Mjukuu wangu mwalimu wake wa tiba aliacha kazi, kituo kikafungwa, tukaanza upya.

Kwa hiyo nyongeza yangu: jimbo likifungua mlango mpana bila mlinzi, wezi wanaingia, halafu linaufunga kwa wote.

#33 Kachero_Kariakoo
Mzee sema ukweli, na hao wezi wengine tunawafahamu majina ya utani.

#34 Mzee_BrooklynPark
Mimi nafahamu mjukuu wangu tu.

#35 Dada_Kent
Washington state, nina adult family home, nyumba ya wakazi 6. Mnaongea sheria, sheria, mimi nawaambia watu. Jimbo likimwidhinishia mtu saa za huduma, anayezifanya ni nani? Mshahara wa kazi hii unashindana na ghala la mizigo na hamburger. Nimewahi kukataa mkazi aliyeletwa na karatasi zote zimekamilika, kwa sababu sina mtu wa shifti ya usiku mwenye nguvu za kumgeuza kitandani.

#36 Nyakio_Lowell
@Dada_Kent SEMA TENA. Watu wanadhani tunakaa tu tukiangalia TV. Acha niwape picha. Ukiingia shifti, kabla hata hujavua koti, wewe na yule anayetoka mnafungua kabati la dawa, lile la kufuli mbili. Mnahesabu zile dawa zenye masharti kidonge kimoja kimoja, mmoja anasoma daftari, mwingine anaangalia paketi, mnatia sahihi wote wawili. Ikikosekana nusu kidonge cha lorazepam hakuna mtu anaenda nyumbani. Na huwezi kugusa dawa mpaka upasi mtihani wa MAP, ule wa kuruhusiwa kutoa dawa, wengine wanaurudia mara tatu. Halafu ufue, upike chakula cha kusagwa cha mmoja na cha kawaida cha mwingine, umpeleke wa tatu kazini kwake. Mshahara ni ule wa mtu wa supamaketi.

#37 Omosh_Worcester
Hapo kwa mtihani nimeguswa kibinafsi.

#38 Zuhura_916
Hili la wafanyakazi hata sisi wa California linatuuma, na niseme wazi ili watu wasije wakabeba mabegi. Haki iko kwenye karatasi, lakini kuna wazazi wameidhinishiwa saa za mapumziko na hawampati mtu wa kuja. Pia kituo cha kanda ni mlipaji wa mwisho. Kwanza uoneshe umeenda bima, umeenda shule, umeenda Medi-Cal, umekataliwa kwa maandishi. Na mwaka 2009 uchumi ulipoyumba bunge lilisimamisha kambi za watoto, michezo na burudani, likaweka kikomo kwenye saa za mapumziko. Kambi na michezo vilirudishwa 2021. Sheria haikufutwa, ilipunguzwa pembeni.

Jambo lingine ni mgawanyo. Vituo vinatakiwa kisheria kutangaza vinatumia kiasi gani kwa kila kabila na lugha, na takwimu zao wenyewe zinaonesha familia za Kilatino kwa wastani zinapata matumizi madogo kuliko za wazungu. Anayejua kuandika barua ya rufaa anapata zaidi.

#39 Mchunga_Mbuzi
Kwa hiyo haki nayo ina foleni ya wanaojua Kiingereza.

#40 Bint_Pangani
Samahani naingilia, niko San Diego. Kwetu shida haikuwa Kiingereza, ilikuwa aibu. Mama mkwe alikataa kabisa mtoto apelekwe kupimwa, akisema tutamwandikia mtoto "jina" serikalini. Akasomewa, akapewa kombe, tukapoteza muda. Chini ya miaka 3 kuna Early Start, huduma za mapema za jimbo, ule ndio umri wa kumkimbilia mtoto. Wenye watoto wadogo msisikilize wakwe.

#41 Ustadh_wa_Mtandao
Dada, kisomo hakikatazi kliniki. Vyote viwili vinakwenda.

#42 Bint_Pangani
Sikukataa kisomo Ustadh. Nimekataa kuchelewa.

#43 Mgeni_Bahati_Nasibu
Habari wakuu. Nimefika na familia kwa bahati nasibu ya grinikadi, sina hata miaka miwili, niko Houston. Mwanangu ana hali ya Down. Nimeambiwa Medicaid ni mpaka nifikishe miaka 5. Na nikiomba chochote nitanyimwa uraia?

#44 Wakili_Mtaani
Lile sharti la miaka 5 ni la sheria ya taifa ya 1996, lakini majimbo yameruhusiwa kuwafungulia watoto na wajawazito mapema, kwa hiyo usijikatalie mwenyewe kabla hujaomba. Shule haiulizi kibali, kampeleke mtoto kesho, na uombe tathmini KWA MAANDISHI. Texas hasa andika, usiseme kwa mdomo. Kwa miaka mingi wilaya za shule huko zilibanwa zisizidishe asilimia 8.5 ya wanafunzi kwenye elimu maalumu. Gazeti la Houston Chronicle ndilo lililofichua 2016, na 2018 serikali kuu ikatamka kwamba jimbo lilivunja sheria. Kikomo kilifutwa, lakini barua yenye tarehe bado ni silaha. Kuhusu uraia, mwone wakili wa uhamiaji, usitibiwe na jukwaa.

#45 Zuhura_916
Kwa kulinganisha tu, kituo cha kanda huku hakikuulizi karatasi za uhamiaji. Kinaangalia unaishi California na ulemavu wenyewe.

#46 PapaSafi_DesMoines
Na sisi wakimbizi tulikuwa tunaingia Medicaid moja kwa moja bila kungoja. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebadilisha: kuanzia Oktoba 2026, mkimbizi asiye bado na grinikadi kwa kawaida hayumo. Kama una mtoto mlemavu na ulifika karibuni, fanya haraka na grinikadi.

#47 Ngonyani_Snr
Na sheria hiyohiyo inapunguza fedha za Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 kwa miaka 10. Nimewaambia ni hela. Papa amesema mwenyewe kwamba huduma za nyumbani ni hiari kwa jimbo. Jimbo likibanwa, linakata cha hiari kwanza. Maandishi ya Lanterman yatalipa mishahara?

#48 BabaKulwa_Houston
@Ngonyani lakini pale California mtu akikatwa ana pa kwenda kushtaki. Mimi huku nitamshtaki nani, kalenda ya MamaTausi?

#49 Ngonyani_Snr
Ukishinda kesi dhidi ya sanduku tupu unapeleka nini nyumbani?

#50 Mwalimu_Embu
Nawasoma kutoka Kenya na kucheka kwa uchungu. Hapa tuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, imechukua nafasi ya ile ya 2003. Maandishi mazuri sana, Baba Kulwa ungeyapenda. Lakini pesa ya serikali kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ikija.

#51 Kachero_Kariakoo
Bongo sheria yetu ni ya 2010, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu. KUKOPESHA. Mtoto asiyeongea anakopeshwaje?

#52 Mwalimu_Embu
Anafungua kibanda cha M-Pesa 😂😂

#53 Mchunga_Mbuzi
Rudini kwenye mada.

#54 Asha_Fresno
Nina swali kwa Zuhura. Binamu yangu alipata ajali ya gari akiwa na miaka 19, ubongo ukaumia, sasa ni kama mtoto wa miaka 6. Kituo cha kanda kimemkataa. Si mlisema California hakuna foleni?

#55 Zuhura_916
Pole sana. Ndiyo mpaka wenyewe huo: California inataka hali iwe imeanza kabla ya miaka 18. Sheria ya taifa inasema kabla ya 22, lakini hiyo ya taifa haimlazimishi Lanterman. Kata rufaa ikiwa kuna rekodi za shule zinazoonesha alikuwa na shida tangu mtoto. Kama hakuna, jaribu IHSS, hiyo haiangalii umri ulemavu ulipoanza.

#56 MamaTausi_DFW
@Asha cha ajabu, Texas angehesabiwa. CLASS inachukua hali iliyoanza kabla ya miaka 22.

#57 Asha_Fresno
Kwa hiyo nimhamishie Texas?

#58 MamaTausi_DFW
Aje ajipange nyuma yangu.

#59 Mtakwimu_Asiye_na_Kazi
Na akihama foleni haihami naye. Kila jimbo unaanza mwisho. Familia za kazi za kuhamahama ndizo zinaumia zaidi.

#60 BabaKulwa_Houston
Wakuu, mke wangu amesoma uzi wote. Kesho tunapiga simu kuhusu orodha zilizobaki kama MamaTausi alivyosema. Ila ameanza pia kuangalia nyumba za kupanga Phoenix, kwa sababu kodi za California tumezifungua tukazifunga. @Kasuku, huko mzazi analipwa?

#61 Kasuku_Phoenix
Mzazi analipwa, ila usije kichwa kichwa. Mpango wa kuwalipa wazazi wa watoto ulianza kipindi cha Korona, ukakua haraka kuliko bajeti, na Aprili 2025 nusura idara iishiwe fedha katikati ya mwaka. Wabunge walivutana mpaka siku za mwisho, wakapitisha pesa pamoja na masharti mapya ya saa. Sasa tathmini ya kazi za "uangalizi usio wa kawaida" imekaza. Mtoto wa miaka 8 wanatoa kwanza vile ambavyo mzazi yeyote angemfanyia mtoto wa umri huo. Andika kila kitu sasa: mara ngapi anaamka usiku, nepi ngapi, mara ngapi amekimbia. Na shule ikupe nakala ya tathmini yake kabla hamjahama, kuipata ukiwa mbali ni kazi.

#62 Ngonyani_Snr
Nusura iishiwe FEDHA. Mmesikia?

#63 Kasuku_Phoenix
Na wabunge wakalazimika kuzitafuta kwa sababu hawakuwa na foleni ya kuficha watu, mzee. Tuendelee au ulale?

#64 Ngonyani_Snr
Silali. Nipe hicho kifungu cha masharti ya saa nikisome mwenyewe.